Kufunga GPS kwenye pikipiki Malindi: anza na klampu, kifaa baadaye

Holda yangu ya kwanza, yaani kishikio cha simu cha kwenye usukani, niliinunua sokoni kwa sababu mbili: ilikuwa nyekundu kama tangi langu, na muuzaji aliivuta mbele ya macho yangu mara tatu isifunguke. Ilidumu siku tisa. Siku ya kumi natoka Mambrui, nateremkia daraja la Sabaki, gurudumu la mbele likaingia shimoni. Nikasikia "pa!" Kugeuka nyuma, simu imelala katikati ya lami, na lori la chumvi la kutoka Gongoni linakuja. Lori halikukawia.

Tangu hapo nimefunga vifaa vya kuonyesha njia kwenye pikipiki zangu mbili, za wenzangu wa stejini, na za wageni wanaokodi kwenda Marafa. Karibu wote wanakuja na hadithi moja: wiki nzima wamelinganisha vifaa, halafu kukifunga wakatumia dakika kumi. Mimi setilaiti hazijaniangusha hata siku moja. Nimeangushwa na klampu, na waya, na chumvi ya bahari. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa zaidi huko, na kwenye mambo ya skrini nitapita mbio.

Kidogo kuhusu kinachotokea juu

GPS, yaani kifaa kinachojua mahali kilipo kwa msaada wa setilaiti, haitumi chochote, inasikiliza tu. Huko juu, kiasi cha kilomita 20,200, zinazunguka setilaiti zisizopungua 24, kila moja ikitangaza saa yake na mahali ilipo. Kifaa chako kikisikia nne kwa pamoja kinaweza kupiga hesabu ya mahali ulipo. Vifaa vya siku hizi vinasikiliza pia za Urusi, za Ulaya na za China, ndiyo maana vinapata mahali upesi kuliko vya zamani.

Kwa dereva wa pikipiki hapo mna mambo mawili. La kwanza, huhitaji bando ili kujua ulipo. Bando linaliwa na ramani, na ramani unaweza kuipakua nyumbani. La pili, kifaa lazima kione mbingu. Chini ya miti ya msitu wa Arabuko-Sokoke kitasitasita, na kwenye vichochoro vya Mji wa Kale wa Lamu, mawimbi yakigonga kuta kabla ya kukufikia, kitakuweka ndani ya nyumba ya mtu.

Mji wetu haukuanza jana kuwaonyesha watu njia. Vasco da Gama alipotia nanga hapa mwaka 1498, kitu alichokihitaji kuliko vyote ni rubani, akapewa, akafikishwa Calicut, India. Na kule Ngomeni, kwenye majukwaa ya Waitaliano baharini, ndiko iliporushwa setilaiti iliyoitwa Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Ile ilikuwa ya kuchunguza miale ya eksirei angani, haihusiani na njia, lakini kila nikipita pale na GPS usukanini huwa naikumbuka.

Hatua ya 1: Sema unakwenda wapi

Kama kazi yako ni kubeba abiria kati ya Maweni, Barani na Shella, simu uliyonayo inatosha. Ruka hadi hatua ya 4. Ukipeleka vifurushi Watamu na Gede, bado simu inatosha, ila umeme wa kuichaji uwe wa kuaminika.

Ukianza kwenda Marafa kupitia Marikebuni, au bara kwa njia ya Kakuyuni, Jilore na Langobaya hadi Chakama, mambo yanabadilika. Kuna vumbi, kuna mchanga, mtandao unapotea, na vijia vinagawanyika bila kibao. Safari ya Lamu ni ya namna yake: lami ya kwenda Garsen, kisha Witu, kisha Mokowe, na hapo pikipiki unaiacha unapanda boti. Kifaa cha safari hiyo kiwe cha kuchomoka haraka, kwa sababu hutakiacha kwenye usukani Mokowe ukalale Amu, mjini Lamu, na usingizi ukaja. (Na kabla ya kuondoka ulizia hali ya usalama wa barabara. Hilo GPS haikuambii.)

Hatua ya 2: Chagua kifaa

Kuna aina tatu, na ya nne ambayo watu huichanganya nazo.

Simu. Faida yake unaijua: unayo tayari. Hasara zake ni jua, maji na mtikisiko. Kwenye jua la saa saba skrini nyingi za bei nafuu zinageuka kioo cha kujitazamia. Miezi ya kaskazi, Februari na Machi, simu iliyo juani huku inachaji hupata moto, hujipunguzia mwanga, mwisho hujizima ili isiungue. Kampuni ya Apple yenyewe inataja nyuzi 35 kuwa mwisho wa joto la hewa linalofaa kwa simu zake, na Malindi kuna siku tunalikaribia hilo tukiwa kivulini. Halafu kuna kamera. Septemba 2021 Apple ilitoa onyo kwamba mtetemo wa injini za pikipiki zenye nguvu unaweza kuharibu kamera za iPhone, zile zenye lenzi inayocheza ili kutuliza picha. Simu za kampuni nyingine zenye lenzi ya namna hiyo nazo sioni kwa nini zipone. Kwa hiyo ushauri wangu: tumia simu yako ya zamani, ile yenye ufa pembeni. Haihitaji hata laini. Iwekee ramani, iache iwe ya pikipiki. Ile mpya ikae mfukoni.

GPS ya pikipiki yenyewe, kama Garmin zūmo au TomTom Rider. Hizi zimetengenezwa zikijua maji na jua, skrini inaguswa hata ukivaa glavu, na zinakuja na kishikio chake cha waya. Bei yake ni ya kukaa chini na kufikiri. Mtu wa bodaboda sitamshauri. Mtu anayepeleka wageni safari za siku tatu nitamwambia anunue, hata iliyotumika.

GPS ya mkononi, kama Garmin eTrex za betri mbili za AA. Skrini ni ndogo na haikuongeleshi, lakini inasomeka vizuri juani, inavumilia maji, na betri zake utazipata kwenye duka lolote Langobaya. Kwa safari za bara mimi naipenda hii kuliko zote, na wenzangu wananicheka kwamba nimebeba rimoti.

Ya nne ni traka: kile kiboksi chenye laini ya simu kinachofichwa chini ya kiti ili pikipiki ikiibwa uitafute. Nacho kinatumia setilaiti, lakini hakikuonyeshi njia. Mwenye pikipiki akikwambia "hiyo ina GPS tayari", muulize ni ipi.

Dukani usikubali kukitazama kifaa chini ya taa ya muuzaji. Omba utoke nacho nje. Kiinamishe jua likipige usoni, uone kama unasoma jina la mtaa. Kiguse ukiwa umevaa glavu. Soma alama ya maji: IP67 maana yake vumbi haliingii kabisa, na kikizama mita moja kwa nusu saa hakifi. Maneno "haiingii maji" bila namba yoyote ni maneno ya muuzaji. Tazama pia tundu la kuchajia: kama alama hiyo inategemea kifuniko cha mpira kilichofungwa, ujue ukiwa unachaji njiani kifuniko kiko wazi, na mvua ya masika haisomi maandishi ya boksi.

Hatua ya 3: Ramani na namba za mahali

Pakua ramani ukiwa nyumbani. Programu za OsmAnd na Organic Maps zinatumia ramani za OpenStreetMap, zinazochorwa na watu wa kujitolea, na hazidai mtandao ukiwa njiani. Google Maps nayo inakuruhusu kuhifadhi eneo, ila eneo hilo lina muda wake, usipolisasisha linafutika. Kwa vijia vya bara hizo mbili za kwanza mara nyingi zina vitu ambavyo Google haina, kama njia za miguu za kushuka kisimani.

Jaribio lake ni jepesi. Zima data, zima Wi-Fi, kisha tafuta njia ya kutoka ulipo hadi Marafa. Ikichorwa, uko sawa. Isipochorwa, afadhali umejua ukiwa kitandani kuliko ukiwa Marikebuni.

Sasa namba. Malindi iko karibu na nyuzi 3 na dakika 13 kusini, nyuzi 40 na dakika 7 mashariki. Watu wanaharibu hapa kwa njia mbili. Wa kwanza anaandika 3.13 akidhani ndiyo 3 na dakika 13. Siyo. Dakika ziko 60 ndani ya nyuzi moja, kwa hiyo dakika 13 ni 0.217, na namba sahihi ni 3.217. Nyuzi moja ni kama kilomita 111, kwa hiyo kosa hilo dogo limekutupa karibu kilomita kumi kaskazini. Wa pili anasahau alama ya kutoa mbele ya namba ya kusini. Tuko chini ya Ikweta, kwa hiyo ni -3.217. Ukiisahau hiyo, kifaa kitakupeleka kaskazini kabisa mwa nchi, upande wa Takaba, kaunti ya Mandera. Nilimwona mgeni mmoja akishangaa kwa nini hoteli yake iko umbali wa siku mbili.

Jambo lingine ni mbuga. Ukiomba njia ya Malindi hadi Voi, programu inaweza kukupitisha lango la Sala ukate Tsavo Mashariki, kwa sababu kwenye ramani ndiyo fupi. Pikipiki haziruhusiwi kuingia humo. Utafika langoni, utageuzwa, na mafuta ya kurudi utakuwa huna. Weka kituo cha katikati, Mariakani kwa mfano, ili njia ikupeleke barabara kuu.

Hatua ya 4: Tafuta mahali kabla ya kununua holda

Panda pikipiki, kaa unavyokaa ukiendesha, shika usukani, tazama mbele barabarani. Sasa teremsha macho bila kuinamisha kichwa. Pale macho yanapofikia ndipo mahali pa kifaa. Kwa wengi ni juu kidogo ya mita ya kasi, katikati au kushoto kidogo. Kwenye tangi ni pabaya, utakuwa unainama kama anayetafuta shilingi.

Kisha kagua haya: kifaa hakizibi taa za tahadhari wala mita ya kasi, ufunguo unaingia na kutoka, usukani ukiuzungusha hadi mwisho kushoto na kulia kifaa hakigongi tangi, kifuniko cha mafuta kinafunguka, waya wa klachi na wa breki haviguswi.

Sehemu ya kushika ina chaguo mbili zinazofaa. Moja ni bomba la usukani, ambalo kwenye pikipiki nyingi ni la milimita 22. Pima kwa uzi ukizungushia: mzunguko ukiwa kama milimita 69, ndiyo 22 hiyo. Ya pili ni bolti ya kioo cha pembeni, ambayo kwa kawaida ni ya milimita 10. Kipande cha chuma chenye tundu kinakaa chini ya kioo na kubeba kipira cha holda. Mimi naipenda hii ya pili kwa sababu bolti haizunguki kama klampu inavyozunguka kwenye bomba. Angalizo kwa wenye Yamaha: nyingi zina kioo cha kulia chenye bolti ya nyuzi za kinyume, kinafunguka kwa kuzungusha mshale wa saa unakoelekea. Ukilazimisha upande uliozoea, utakata bolti ndani ya kishikio cha breki, na hiyo ni kazi nyingine na fedha nyingine.

Hatua ya 5: Funga

Holda nzuri ina kipira cha mpira na mkono unaokibana kutoka pande mbili kwa bolti moja. Mpira wa kile kipira unameza sehemu ya mtetemo. Zile za plastiki zenye kucha za springi, zinazojifunga zenyewe ukibonyeza, ziache kwenye dashibodi za matatu. Zenye sumaku pia sizitaki: sumaku inaichanganya dira ya simu.

Safisha bomba kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, likauke kabisa. Klampu ikiwa kubwa kuliko bomba, kata ukanda wa tyubu kuukuu, uzungushe mara moja tu, ufunge juu yake. Mara moja, si tatu. Mpira mwingi unateleza, halafu ukipata joto unasinyaa na klampu inalegea. Kaza bolti zake kwa kupokezana, huku kidogo na kule kidogo, mpaka midomo ya klampu iwe sambamba. Ukikaza upande mmoja wote kwanza unaipinda, na siku ya shimo inapasuka pale pale ilipopinda. Nati zenye nailoni ndani ni bora kuliko za kawaida. Gundi ya buluu ya nyuzi za bolti inasaidia, lakini isiguse plastiki, inaipasua.

Halafu, kabla ya kuweka kifaa, shika mkono wa holda uutikise kwa nguvu. Pikipiki nzima inatakiwa itikisike nawe. Kama kinachocheza ni holda peke yake, rudia.

Na ufunge kamba ya pili. Kamba nyembamba imara kutoka kwenye kifaa hadi kwenye usukani, fupi kiasi kwamba kikichomoka kinaning'inia bila kufika gurudumu. Kamba ya kiatu ingeniokolea simu ile ya Sabaki.

Hatua ya 6: Umeme

Hapa ndipo wengi wanaharibu, na hapa ndipo mimi mwenyewe niliharibu mara mbili.

Mara ya kwanza nilichukua umeme kwenye waya wa taa kubwa, kwa sababu ulikuwa karibu na holda. Chaja ikafa siku hiyo hiyo. Nikanunua nyingine, ikafa. Nikaenda kwa fundi mmoja mzee Maweni. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakugusa kitu, akaniambia, "Mwanangu, iwashe, vuta mafuta, utazame taa." Nikavuta, taa ikang'aa. Nikaachia, ikafifia. Akacheka. "Basi hiyo haili betri. Inakula injini moja kwa moja."

Ndivyo zilivyo pikipiki nyingi ndogo, hasa za zamani: taa kubwa inalishwa na koili ya injini, umeme unaopanda na kushuka na kugeuka pande zote. Chaja ya USB inataka umeme wa upande mmoja, wa betri. Kwa hiyo fanya jaribio la mzee kabla hujakata waya wowote.

Mara ya pili nilifunga moja kwa moja kwenye betri, bila swichi. Chaja yangu ilikuwa na kitaa cha buluu na namba za volti, kizuri usiku. Nikasafiri wiki mbili. Kurudi, betri imekufa. Piga hesabu: kitaa na namba zile zikila milliampea 20 tu, kwa saa 24 ni karibu nusu ampea-saa. Betri ya ampea-saa 5 inamalizika kwa siku kumi bila wewe kugusa kitu.

Kwa hiyo fanya hivi.

Pima betri kwanza. Injini ikiwa imezimwa na imepumzika, betri nzima inasoma volti 12.6 hivi. Injini ikiwa inakimbia inatakiwa kupanda kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na injini inakimbia, una tatizo la kuchaji, na kuongeza chaja juu yake ni kumbebesha mgonjwa gunia.

Tafuta waya unaopata umeme ufunguo ukiwashwa tu. Wa honi au wa taa ya breki hufaa. Weka mita ya volti: ufunguo umewashwa, 12 na zaidi, ufunguo umezimwa, sifuri. Chaja ya kawaida inatoa volti 5 na ampea 2, yaani wati 10, na ukihesabu kinachopotea njiani inavuta kama ampea moja kutoka kwenye betri. Waya wa honi unaweza kubeba hiyo. Ukitaka chaja kubwa ya kuchaji haraka, au vifaa viwili, weka rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo: waya wa honi uamshe rilei tu, na umeme wenyewe utoke kwenye betri.

Fungua upande wa hasi wa betri kwanza, na ndio uwe wa mwisho kurudisha. Fyuzi ya ampea 3 ikae karibu na mahali unapochukulia umeme, siyo karibu na chaja. Ukiiweka mbali, waya ukichubuka katikati fyuzi haijui lolote, na waya huo unapita chini ya tangi la petroli. Usiniambie utaiweka kesho.

Maungio yabane kwa vibanio vya waya na ufunike kwa ule mpira unaosinyaa kwa moto. Kusokota waya na kufunga tepu nyeusi ndiyo desturi yetu, lakini gundi ya tepu inayeyuka kwa joto la injini na baada ya mwezi inaning'inia kama ngozi ya nyoka. Kuchomea risasi nako kuna walakini wake: pale risasi inapoishia waya unakuwa mgumu, na mtetemo unaukatia hapo hapo.

Pitisha waya kufuata nyaya za kiwandani, mbali na ekzosi na kichwa cha injini. Kwenye shingo ya usukani acha ulegevu wa kutosha. Kisha washa injini, zungusha usukani hadi mwisho kushoto, halafu kulia. Mlio wa injini ukipanda wenyewe, waya wako unavuta waya wa mafuta: simamisha kazi, rekebisha. Pikipiki inayojivuta mafuta kwenye kona ya Gede haikupi nafasi ya pili.

Hatua ya 7: Chumvi

Watu wa bara wanaogopa mvua. Sisi tuogope hewa. Hata pikipiki isiyofika ufukweni inakula chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu kwenye vidoto vya shaba inavigeuza rangi kuwa kijani, na kifaa kinaanza kuchaji na kukata, kuchaji na kukata, mpaka unadhani ni kibovu. Kila mwezi pangusa miguso ya holda na tundu la chaja kwa kitambaa chenye spiriti, halafu kwenye miguso ya nje ya waya paka grisi ya umeme kidogo sana. Ukiikosa, Vaseline inafanya kazi. Tundu la USB lielekee chini au pembeni na lifunikwe likiwa halitumiki. Bolti zikiwezekana ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Usipige kifaa maji ya presha pale pa kuoshea. Alama ya IP67 ni ya maji yaliyotulia.

Hatua ya 8: Safari ya majaribio

Washa kifaa mahali pa wazi, usubiri. Kama kimezimwa wiki kadhaa au kimesafirishwa mbali, kinaweza kuchukua dakika nyingi kujua kilipo, hasa kisicho na mtandao wa kukisaidia. Wengi wanaondoka hapo hapo, kisha wanalalamika kimepotea.

Jua pia kwamba ukisimama, mshale wa GPS haujui umetazama wapi. Mwelekeo unaupata kwa kulinganisha ulipokuwa na ulipo. Ukiwa njia panda mshale ukizunguka kama kishada, usihangaike nao. Sogea mita 20 au 30 upande mmoja, utatulia wenyewe.

Nenda Mambrui na kurudi. Barabara hiyo ina lami, ina matuta, na ukichepuka kidogo ina mchanga. Weka sauti kwenye sikio moja tu, au usiweke kabisa. Andika mahali unapokwenda kabla ya kuondoka. Ukitaka kubadilisha, simama pembeni. Abiria watakuuliza kama hiyo runinga inaonyesha mpira.

Ukirudi, chukua spana ya aleni ukaze kila bolti tena. Klampu mpya hulegea katika kilomita 50 za kwanza, na ya tyubu zaidi. Rudia baada ya wiki, halafu kila unapobadilisha oili. Na ukiegesha, hata kwa chai ya dakika tano, chomoa kifaa uingie nacho. Holda nayo, badilisha bolti yake moja iwe ya kichwa kisichofunguliwa na bisibisi ya kawaida, maana kuna kijana alichukua yangu nikiwa bado nimekaa juu ya pikipiki, nazungumza na mteja.